Unauza Bei Gani?

Ukitoa sindano ya kroshia ndani ya daladala, hasa kwenye foleni ya jioni Barabara ya Morogoro, hufiki mbali kabla ya kuulizwa: "Dada, hicho unauza bei gani?" Nikijibu kwamba ni cha mtu, siuzi, muulizaji hunitazama kwa huruma, kana kwamba ameona pesa inamwagika. Mjini siku hizi kila ujuzi unatakiwa uwe mradi. Anayefanya kitu kwa kukipenda tu anaonekana hajaamka.

Nafuma kwa sababu nikifuma nahesabu, na nikishahesabu, kodi ya nyumba na maneno ya bosi hayapati pa kuingilia. Chukua kitambaa cha duara, kile cha kawaida cha kuweka chini ya chombo cha maua. Kwa mfumo mfupi unaanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongeza 6, tena uvigawe sawasawa, usivirundike upande mmoja. Ukiacha kuongeza, kingo zinasimama zenyewe, na hapo ndipo kofia ya mtoto inapopatikana. Ukizidisha, kitambaa kinakataa kulala mezani, kinajikunja mawimbi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mwenye asili ya Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyatumia mawimbi hayo kuwaonyesha wanafunzi jiometri ya haipaboliki, ambayo kwenye karatasi ilikuwa ngumu kuiona. Alifuma tu, akizidisha vitanzi kwa uwiano uleule kila safu. Huku kwetu mawimbi ya namna hiyo yamekaa pembeni mwa vitambaa vya meza miaka mingi, na hakuna aliyemwita mfumaji profesa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kifuniko cha jagi. Watu wanakidharau kwa udogo wake. Shanga zake unazitunga kwenye uzi kabla hata ya kuanza, unazisukuma nyuma, kisha kwenye mzunguko wa mwisho unaziita moja moja, kila ncha na yake. Shanga hizo hazikuwekwa kwa urembo peke yake: uzito wake ndio unaozuia upepo usikipeperushe na nzi wasipate mlango. Zikiwa nyepesi mno, umefuma pambo. Zikizidi uzito, matundu yanavutika na kifuniko kinaanza kuchungulia ndani ya maji.

Nirudi kwenye bei. Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine yake Uingereza mwaka 1589. Kroshia hadi leo haijapata mashine ya kiwandani. Zile nguo za kiwandani zinazofanana nayo ni za kuigiza mfumo wake. Kwa hiyo ukikuta blauzi ya kroshia halisi imetundikwa dukani kwa bei ya kutupa, jua kuna mtu aliyeinama akaifuma kitanzi kwa kitanzi, na pengine kiasi hicho cha kutupa ndicho alicholipwa. Mimi nikijumlisha uzi na saa zangu kwa ujira wa kibarua wa kawaida, bei itakayotoka utaniuliza kama nimerukwa na akili.

Siwabezi wanaouza, hata kidogo. Ireland, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, lesi za kroshia zilizofumwa na wanawake maskini kwa ajili ya matajiri zilitia chakula kwenye nyumba nyingi. Hapa kwetu pia wapo waliolipiwa ada kwa vitambaa vya makochi. Shida yangu ni lile wazo kwamba kisichouzwa kimepotea. Kofia niliyomfumia mtoto wa jirani ingekuwa ya kuuza, ningefuma vipimo vya vichwa vyote. Kwa kuwa ni yake, nilikwenda kumshika mtoto, nikapima kwa kiganja, nikauliza mama yake anavumilia rangi gani. Wakati wa kuifuma, huyo mtoto alikuwa mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia kwenye hesabu zangu. Atavaa miezi michache tu na kichwa kitaikataa. Sawa.

Sharti nimeliweka moja: anayeomba zawadi ya mkono wangu alete uzi mwenyewe. Sharti hili limepunguza maombi kwa kasi ya ajabu, na waliobaki ndio wanaotaka kweli. Wifi yangu anataka mkoba. Alikwenda Kariakoo akarudi na uzi mweusi, rangi inayotesa macho kuliko zote. Taa ikiwaka tu, matundu hayaonekani tena. Mkoba wake unafumwa mchana, tena Jumapili, na akipiga simu kuulizia namwambia aliyechelewesha ni yeye.