Gelato ya Kufunikwa

Binti wa kaka yangu amerudi kutoka Italia juzijuzi, akaja kunisalimu akiwa na simu mkononi hata kabla chai haijaletwa. "Ami, nimekula gelato bora Roma nzima. Hebu ona." Nikavaa miwani. Nikaona milima ya aiskrimu. Mmoja wa kijani kikali kama mlango wa msikiti uliopakwa rangi jana, mmoja wa njano, mwingine wa buluu ambayo sijapata kuiona kwenye tunda lolote, na yote imechomekwa vipande vya nanasi na vibiskuti kileleni. Duka lenyewe liko hatua chache kutoka chemchemi ya Trevi. Nikamuuliza hii ya kijani ni ya nini. "Pistachio, ami, si waiona rangi?" Na hii ya njano? "Ndizi."

Ndizi! Mtoto wa Malindi, amekua na migomba uani, hajui ndizi ikishapondwa huwa na rangi gani. Nikanywa chai yangu nikanyamaza, maana mgeni ni mgeni hata akiwa wa damu. Lakini jambo limenikaa kifuani, na afadhali nilitoe.

Kiitaliano chenyewe nilikiokota nyumbani. Mafundi wa Kiitaliano wa mitambo ya roketi ya San Marco kule Ngomeni walikuwa wakija mjini jioni, na baada yao wakafuata wenye mahoteli, na baada ya wenye mahoteli kila mtoto wa ufukweni akajua kuhesabu hadi mia kwa Kiitaliano kabla ya kumaliza darasa la tatu. Gelato nayo, aiskrimu ya Kiitaliano, tuliijua kwa jina kabla ya kuijua kwa ulimi. Nilifika Roma mwaka 1987. Nimeitafuta pasi yangu ya zamani ili nihakikishe, na muhuri umefifia kiasi kwamba unaweza kusomeka 1986. Haidhuru. Nilikwenda kwa masomo ya hoteli, na kama wengi wetu nikajikuta ninaosha vyombo kwenye pensheni moja, yaani hoteli ndogo, nyuma ya stesheni ya Termini.

Siku hizo soko la Piazza Vittorio lilikuwa bado nje, limeizunguka bustani pande zote, kabla halijahamishiwa ndani ya kambi ya zamani ya jeshi. Pale ndipo ulipopata muhogo, bamia na ndizi za kupika, na pale ndipo ulipokutana na Wasomali, baadhi yao wazee wa Barawa wenye Kiswahili chao cha Chimwini ambacho ukikisikiliza kwa makini unaelewa, ukikisikiliza kwa haraka unapotea. Mmoja wa wazee hao ndiye aliyenionyesha duka la bibi tuliyemwita Signora. Aliniambia tu: "Ingia mle, usitazame, kula."

Na kweli hapakuwa na cha kutazama. Duka lilikuwa kwenye uchochoro kati ya soko na Via Merulana, mlango mmoja, meza mbili, sakafu ya marumaru iliyopasuka. Kaunta ilikuwa ya chuma, na juu yake vifuniko vya mviringo vimejipanga safu mbili, vimekaa juu ya mitungi iliyozama ndani ya baridi. Waitaliano huiita pozzetti. Ukutani kulikuwa na kibao cheusi na majina ya ladha kwa chaki, kumi na kitu, na mengine yamefutwa kwa sababu yameisha. Jina lililofutwa saa nane mchana lilikuwa habari njema: maana yake kesho yake litapikwa jipya. Kizuri chajiuza, husema wazee wetu. Cha Signora hakikuonekana hata sura na bado foleni ilifika barabarani.

Nilichokijua kwanza ni harufu. Asubuhi, nikipita kwenda kununua mikate ya pensheni, uchochoro mzima ulinukia maziwa yanayopashwa moto na ganda la limau ndani yake. Karibu na saa tano harufu hiyo ilibadilika ikawa ya pistachio inayokaangwa kavu, bila tone la mafuta, kwenye sinia la oveni. Pistachio zake zilitoka Bronte, kwenye miteremko ya Etna kule Sicilia, ambako mti huvunwa mwaka mmoja na kuachwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwaka wa mapumziko bei ilipanda, na Signora alikuwa akimweleza kila mteja kama anayetoa taarifa ya msiba. Alizikaanga, akazisaga, akapata uji mzito wa rangi isiyovutia hata kidogo: kijani kilichochanganyika na hudhurungi, rangi ya kitu kilichosahaulika kabatini. Hiyo ndiyo pistachio. Ile ya kijani kikali ina rangi ya dukani, na mara nyingi ladha unayoisikia ulimi ni arki ya lozi.

Kisha mkono wake. Alifunua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akazamisha mwiko bapa kwa wa kulia, na hakuchota. Aliikandamiza gelato ukutani mwa mtungi, akaigeuza, akaikandamiza tena, mpaka ikalainika na kung'aa, ndipo akaipandisha kwenye koni kwa mpapaso mmoja na kurudisha kifuniko. Yote hayo kwa muda wa kusema bismillahi. Gelato haina hewa nyingi kama aiskrimu ya viwandani, na mafuta yake ni machache kwa sababu imejaa maziwa kuliko krimu. Huwekwa kwenye baridi ya nyuzi kumi na mbili au kumi na nne chini ya sifuri, si kumi na nane, ndiyo maana inakubali mwiko. Hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba haikuniumiza meno.

Koni ndogo ilikuwa lira elfu moja, ile noti yenye sura ya Marco Polo. Akishakupa alikuuliza, "Panna?" na hilo halikuwa swali la bei. Krimu ya kupigwa juu ya gelato ilikuwa haki ya Mrumi, bure, kama maji ya kunawa.

Ramadhani ilituangukia mwezi wa Mei, na jua la Mei huko halizami mpaka saa mbili na zaidi za usiku. Signora alikwisha kunizoea. Alipojua kwamba nimefunga hakuniuliza maswali ya dini, aliniuliza saa ya kufungua. Kuanzia siku hiyo aliniwekea kikombe cha limau, nyeupe pe, hakuna njano yoyote, ndani ya mtungi wa mwisho, na akiona nimechelewa kazini aliacha taa moja ikiwaka. Tena alikuwa mkali. Nilitaka kuonja malaga, ile yenye zabibu kavu, akanipiga kofi la mkono: "Hii ina ramu, mwanangu." Nikaonyesha zuppa inglese. "Na hii ina alchermes." Alchermes ni kileo chekundu cha viungo, na Waitaliano huitumia kwenye vitamutamu kana kwamba ni shira. Mpaka leo kuna maelfu ya Waislamu wanaitembelea Italia na hakuna anayewaambia.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Cadore, milimani kaskazini, na ukitaka kujua gelato ilivyosambaa Ulaya waulize watu wa mabonde hayo ya Cadore na Zoldo. Ndio waliobeba mapipa yao kwenda Vienna na Ujerumani tangu karne ya 19, wakiuza majira ya joto na kurudi kwao majira ya baridi. Duka la Signora nalo lilifungwa Novemba na kufunguliwa Machi. Nani ale baridi wakati wa baridi? aliuliza. Mwisho wa mwaka alikwenda Longarone, kwenye maonyesho ya watengenezaji gelato yaliyoanza 1959, akarudi na vijitabu vya mashine ambazo hakununua hata moja. Alikuwa na Cattabriga ya wima, yenye chuma kinachokoroga kwa kupanda na kushuka, na alisema mashine nyingine zote zina haraka. Ndugu wa mumewe walikuwa wamezikwa Longarone, wale walioweza kupatikana baada ya mafuriko ya bwawa la Vajont mwaka 1963. Hilo alilisema mara moja tu, akiwa anafuta kaunta.

Miaka iliyofuata niliacha vyombo nikawa mtembezaji. Nilianza na wageni wetu wa mikutano ya FAO, enzi hizo mnara wa Axum wa Waethiopia ukiwa bado umesimama mbele ya jengo, kisha nikaingia kwenye kazi ya mahujaji wa parokia za nyumbani. Ndiyo, Mswahili wa Malindi na kofia yake, anawaongoza akina mama wa rozari kwenda Assisi na Padova. Nao akina mama wale, wakishamaliza kusali, swali lao lilikuwa moja: aiskrimu nzuri iko wapi?

Kwa hiyo nilizunguka. Roma niliwapeleka Giolitti, mlango wa pili na Bunge, ambako unalipa kwanza kwa mtunza fedha, unapewa risiti, halafu unapigania nafasi mbele ya wahudumu wa koti jeupe wasiomwonea huruma mtu anayesitasita. Nyingine ni Fassi, ukumbi mkubwa wa Via Principe Eugenio uliojengwa 1928, ambako familia nzima inaweza kukaa jioni bila kufukuzwa. Giolitti wameandika 1900 mlangoni, Fassi wanahesabu kuanzia 1880. Kila mmoja Roma ni wa kale kuliko mwenzake na mimi si mahakama. Firenze kuna Vivoli, kwenye kichochoro nyuma ya Santa Croce, tangu miaka ya 1930, na hawakutoa koni, kikombe tu. Akina mama walilalamika mpaka walipoonja. Bergamo ya juu, ndani ya kuta, iko La Marianna, ambako mwaka 1961 Enrico Panattoni alimwaga chokoleti ya moto kwenye gelato ya maziwa inayozunguka, ikakatika vipande vipande, na stracciatella ikazaliwa.

Lakini ukinibana nichague, nitakwambia Sicilia. Catania, asubuhi, granita ya lozi au ya fursadi ndani ya glasi, na mkate laini wa mayai wenye kishungi juu, unakivunja kile kishungi kwanza unakichovya. Ni kifungua kinywa. Mfanyakazi wa bandari anakula, hakimu anakula. Granita si gelato, najua, na Msicilia atakwambia hilo kwa majivuno.

Hapa niseme jambo linalonikera. Kila mwongozaji kijana anawasimulia wageni kwamba Caterina de' Medici, yule malkia, ndiye aliyepeleka gelato Ufaransa alipoolewa. Wanahistoria wameitafuta hati ya kuthibitisha hilo wasiione. Cha hakika ni kwamba Francesco Procopio, Msicilia, alifungua mkahawa wake Paris mwaka 1686 na aliuza vya baridi. Lakini Msicilia muuza barafu hana taji, basi hasimuliwi.

Euro ikaja 2002. Kwa hesabu ya serikali euro moja ilikuwa lira 1936 na senti zake. Kwa hesabu ya wauzaji wengi, kilichokuwa lira elfu moja kikawa euro moja. Signora aliandika bei zote mbili kwenye kibao kwa muda mrefu, akitaka watu waone. Halafu mguu ukamsumbua, mwanawe hakuitaka kazi, na Machi moja mlango haukufunguliwa. Sasa wanauza vifuniko vya simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Maduka karibu na kila mnara yakaweka vioo, na nyuma ya vioo milima. Gelato halisi haiwezi kusimama juu ya ukingo wa chombo. Huko juu baridi haifiki, itaporomoka. Ili isimame lazima iongezwe mafuta ya mimea, vigandishi na hewa, na hewa ndiyo malighafi rahisi kuliko zote. Neno "artigianale", la mkono wa fundi, likaandikwa kila mlango, hasa mlango wa anayekoroga unga wa pakiti. Mwaka 2013 Waingereza wanne walitozwa euro 64 kwa koni nne karibu na Ngazi za Hispania, magazeti yakapiga kelele wiki nzima, kisha biashara ikaendelea. Grom, vijana wawili wa Torino walioanza 2003 na hadithi nzuri za malimau na njugu za nocciola za asili, mwaka 2015 wakawauzia Unilever. Na simu ikapata kamera.

Kichekesho ni kwamba vifuniko vimerudi. San Crispino walianza mapema, 1993, mitungi iliyofunikwa na koni hakuna. Leo kila duka jipya la Roma linalojiheshimu lina pozzetti za chuma kinachong'aa, taa ndogo ndogo, maelezo ya ng'ombe alikotoka, na bei ambayo Signora angeisoma mara mbili. Nami hununua, maana nyingi ni nzuri kweli. Pistachio ni ya hudhurungi. Ndizi ni kijivu.

Mara ya mwisho niliingia duka la namna hiyo Esquilino, si mbali na soko. Kijana wa Kibangladeshi alikuwa nyuma ya kaunta, akifunua na kukandamiza na kugeuza, mkono mzuri tu. Nilionyesha jina moja kwenye kibao nisilolifahamu. Akanitazama kofia, akasema kwa Kiitaliano cha Kirumi kabisa kwamba hiyo ina ramu, mzee, nikuwekee lozi? Nikakubali lozi. Panna akanitoza senti hamsini.