Aliyepigwa na Ajitaje Mwenyewe

Manchester, New Hampshire
Marekani

Ndugu zangu wasomaji,

Napenda kuwapeni habari ya mchezo ambao ulizaliwa katika jimbo hili ninalokaa, nao ni mchezo wa kuwindana msituni kwa bunduki zirushazo rangi, ambao wenyewe huuita peintiboli, na ambao Jumamosi iliyopita, kwa mwaliko wa wafanyakazi wenzangu, niliucheza kwa mara ya kwanza.

Bunduki hiyo asili yake si mchezo. Iliundwa kwa ajili ya watu wa misitu na wafugaji, wapate kutia alama mti utakaokatwa, au ng'ombe atakayetengwa na kundi, pasipo kumsogelea. Ikatokea kwamba mwandishi wa vitabu Charles Gaines na sahibu yake Hayes Noel, dalali wa hisa wa New York, walikuwa na mjadala wa siku nyingi, kwamba mtu wa mjini na mtu wa shamba wakiachwa porini, yupi atakayesalimika. Na ili wapate kukata shauri, wakashirikiana na Bob Gurnsey kutunga kanuni, na tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, si mbali na hapa, watu 12 wakaingia, kila mmoja peke yake, kuzitafuta bendera zilizotawanywa na kutoka nazo bila ya kutiwa rangi. Aliyeshinda alikuwa Ritchie White, mtaalamu wa misitu, ambaye alizikusanya bendera zote alizotakiwa na akatoka salama bila ya kufyatua risasi hata moja.

Nasi tulipofika uwanjani, mwamuzi hakuanza kutufundisha shabaha, bali alianza na macho. Alituambia kwamba barakoa yenye kioo, ifunikayo uso na masikio, haivuliwi ndani ya uwanja kwa sababu yoyote ile, hata kioo kikiingia ukungu wa pumzi, kwani jicho likipigwa huweza kupofuka; kwamba mdomo wa mtutu sharti uvishwe kifuniko kila mtu atokapo mchezoni; na kwamba kila bunduki hupimwa kwa chombo maalumu, ili risasi isizidi mwendo wa mita 90 hivi kwa sekunde. Risasi yenyewe ni kidonge cha duara, upana wake milimita 17, chenye ganda la jelatini kama vidonge vya dawa, na ndani yake mna rangi inayotoka kwa maji. Inasukumwa na hewa iliyoshindiliwa katika mtungi, na inapompata mtu hupasuka, ikamwachia doa, na aghlabu alama ya wekundu isiyokawia kupoa.

Miongoni mwetu alikuwamo kijana mmoja mtu wa Uvira, kwani mji huu umepokea wakimbizi wengi wa Kongo, na Kiswahili husikika madukani na makanisani. Yeye alipoiona mitutu alinivuta kando akaniambia kwa upole, "Mzee, mimi nitabaki huku na makoti." Sikumuuliza sababu, wala wenzetu hawakumshurutisha, nami niliona murua mkubwa katika kule kuachwa kwake, kwa maana aliyeiona vita ya kweli hana deni la kuicheza.

Tukaingia, makundi mawili, kila moja likilinda bendera yake na kuitamani ya mwenzake. Majani ya msimu huu, mekundu na ya manjano, yamejaa chini, na kila hatua ilimtangaza mwenye kupita. Hapo ndipo mwanafunzi hutambua kwamba mwili una elimu yake: kwamba mtu huchungulia kwa ubavu wa gogo wala si kwa juu yake, kwamba akikaa mahali pamoja huzungukwa, na kwamba sauti ya mwenzake imwambiayo adui yuko wapi humfaa kuliko risasi mia. Nilijificha nyuma ya mti, moyo ukinienda mbio, mpaka nikapigwa begani. Nikanyanyua mkono, nikataja kwamba nimepigwa, nikatoka.

Lakini lililonituma kuiandika barua hii ni jambo jingine. Nikiwa nje nilimwona mtu wa kundi la pili, mzoefu, amelala hatua chache tu kutoka bendera yetu, na hapana aliyebaki wa kumzuia. Akainuka, akanyanyua mkono, akamgeukia mwamuzi na kumwonyesha doa lililokuwa mgongoni mwake. Mwamuzi hakuwa ameliona, wala sisi hatukuliona, na lau angalijifuta kwa kiganja ushindi ungalikuwa wao. Hakuna aliyemsifu, maana kwao hiyo ndiyo kanuni, na anayejifuta rangi hudharauliwa kuliko anayeshindwa.

Ndugu zangu, nimelitafakari jambo hili siku zote hizi. Katika msitu mpana waamuzi hawawezi kuwa na macho kila mahali, na kwa hiyo mchezo mzima umewekwa amana katika dhamiri ya mchezaji. Amana hiyo ikivunjwa, hakuna bunduki wala barakoa itakayouokoa. Huko nyumbani tuna viwanja tele na vijana hodari, na mara nyingi tunawafundisha kushinda kabla ya kuwafundisha kukiri. Basi nawasihi ninyi walimu na makocha, siku mchezaji wenu atakapomwambia refa kwamba mpira umemgusa yeye mkono, hata kama kwa kauli hiyo kikombe kitakwenda kwa wengine, msimkaripie. Mpeni unahodha, kwa kuwa huyo ndiye wenzake wanayeweza kumfuata bila ya kutazama nyuma.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni