Wajane wa Yafa Walionyesha Nini?



Jumamosi nilipita kwenye maonyesho ya kina mama wanaoshona shanga hapa Isinya, karibu na barabara ya Namanga. Mke wangu ndiye aliyenivuta mkono. Mimi nilikuwa na mahubiri ya kuandaa.

Meza ya kwanza, wacha tu! Mkufu mpana wa Kimaasai, nyekundu, nyeupe, buluu, kila ushanga umekaa kama umepimwa kwa rula. Nikamsifu mama aliyeushona. Hapo binti mmoja akasogea, akauliza uzi unafungwaje mwishoni. Mama akaufunika mkufu. "Wewe kama hununui, pisha wengine." Binti akarudi nyuma.

Meza ya nne mistari ilikuwa imepinda kidogo, sitakudanganya. Lakini wasichana watano walimzunguka yule mama, sindano mkononi, mmoja anafumua, mwingine anaanza upya, na wote wanacheka.

Tulinunua wapi? Meza ya kwanza. Kazi safi ni kazi safi, na Mungu hadharau ujuzi. Kutoka 31, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya mikono! Lakini fika sura ya 35, mstari wa 34. Yeye na Oholiabu walitiwa pia moyo wa kufundisha wengine. Nimemhubiri Bezaleli mara nyingi, na mstari huo nimekuwa nikiupita mbio.

Tukitembea kurudi nyumbani, mke wangu akamtaja Dorkasi wa Yafa, Matendo 9. Wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hayo nayo yalikuwa maonyesho. Luka hasemi kama mshono ulinyooka. Anasema wajane walikuwa wakilia.

Kisha akaniuliza polepole, "Baba watoto, siku yako ikifika, watu wataonyesha nini? Video za mahubiri?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mpendwa, wengi mnaniandikia kwamba nahubiri vizuri. Asanteni. Lakini kuna kijana aliyekuwa akitupigia kinanda. Aliniomba kwa miezi mingi nimfundishe kuandaa neno. Kila mara nilimwambia niko na shughuli. Siku hizi haji tena kanisani.

Leo asubuhi nimempigia simu, hakushika. Nitampigia tena jioni. Niombee.