Nyumba Niliyomjengea Mama

Mwaka 2011 tulihama Buyenzi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimepanga vyumba viwili katika ua wenye kaya tano, bomba moja na choo kimoja. Na kila mwisho wa mwezi, nilipohesabu fedha za kodi, niliapa kwamba mama yangu hatafia katika nyumba ya mtu. Kiwanja kikapatikana kaskazini ya mji wa Bujumbura, kupita Kinama, na nyumba ikasimama: vyumba vinne, sebule, baraza ya saruji, na miche miwili ya miembe uani.

Waliokuja kututazama waliisifu. Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Baba Hawa, maji je?" Bomba lilikuwapo, ila maji yalitoka usiku wa manane, tena si kila usiku. Ikawa yeye na binti yetu wanalala kwa zamu, wakisikilizia bidoni zijae. Sisi wanaume tujengapo hupima vyumba kwa mita. Hatua za kwenda kuchota hatuzipimi, maana si miguu yetu.

Msomaji asiyeijua Buyenzi nimweleze kidogo. Ni mtaa wa Waswahili wa mji ule, na barabara zake zina nambari badala ya majina. Soko la Ruvumera liko papo hapo, misikiti haiko mbali, na mafundi wa magari hugonga vyuma tangu asubuhi hadi magharibi. Kelele hizo ndizo nilizozikimbia. Sikujua kwamba ndani yake mama alikuwa na mambo yake yote: muuza ndagala aliyemkopesha bila kuandika, zahanati ya kwendea kwa miguu, na majirani ambao wasipomwona hadi saa tatu hubisha hodi.

Katika nyumba mpya alikuwa na chumba chake mwenyewe, chenye madirisha mawili. Mchana kutwa aliketi barazani akilitazama lango, nami nikadhani anapumzika. Miezi sita ikapita, ndipo jioni moja akaniambia, "Mwanangu, umenijengea nyumba nzuri, Mungu akulipe. Lakini tangu Jumanne hajapita mtu wa kunipa salamu." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilihamaki. Nikamhesabia matofali, mabati, mifuko ya saruji, na deni ambalo lilikuwa bado shingoni mwangu. Haya naiona leo, wala sikuiona siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimpeleke Buyenzi kwa dada yake, aliyekuwa amepanga chumba kimoja ambacho mlango wake wafunguka barabarani.

Nilimpeleka. Kila Jumamosi nilimchukulia mkaa na mchele, na aghalabu sikumkuta ndani. Watoto wa uani walinionyesha alikoelekea, nikamfuata barabara hata barabara.

Alifariki mwaka 2018 katika chumba kile, alfajiri. Nilipopata habari nilitafuta gari, na gari likachelewa. Niliingia uani nikakuta mikeka imekwisha tandikwa, majirani wameketi, na maji ya kumwoshea yamekwisha chotwa.