Namna Walivyotupokea

Kenani haikuwa mji. Ilikuwa kituo cha muda, turubai na mahema kati ya miti ya wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kuanzia mwisho wa Agosti 2017, sisi tuliokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Kongo, tulivuka mpaka, wengi kwa miguu kuingia Chiengi, wengine kwa mitumbwi, kisha malori yakatubeba hadi hapo. Desemba ilitukuta kwenye matope. Ziwa Mweru halikuwa mbali, lakini Zambia hufunga uvuvi humo tangu Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Sisi watu wa Pweto, mji wa Kongo kando ya ziwa hilo, tuliozoea kuona dagaa wa chisense wakianikwa kila mahali, tulikula maharage tukizungumza habari za samaki.

Wengi waliopita Kenani huikumbuka kwa foleni. Mimi naikumbuka kwa darasa la Kiingereza.

Mwalimu alikuwa Mzambia wa Kashikishi, mzee aliyestaafu shule ya msingi. Tulimwita Ba Teacher, kama watoto wa huko wanavyowaita walimu wao. Alikuja mchana, akiegemeza ubao kwenye mti, na mvua ikianza tulihamia chini ya turubai. Sisi tulikuwa tumesomeshwa kwa Kifaransa, wale waliosoma. Wengine hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Siku za kwanza tulijifunza viungo vya mwili kwa ajili ya zahanati, na bei kwa ajili ya soko.

Halafu mama mmoja akasimama. Alikuwa muuza samaki kutoka Pweto, wa umri wa shangazi zangu. Mwaka 2000, vita vilipofika Pweto, alikimbilia Zambia vilevile, akakaa miaka kadhaa katika kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Kibemba alikijua vizuri, lakini siku hiyo alisema nasi kwa Kiswahili chetu ili sote tusikie: “Bale benye kutuandika banauliza nani alikupiga, nani alichoma nyumba. Nilibaambia yote. Sasa nataka kusema vile bamama ba Chiengi balitupokea. Nikisema tu ‘they received us’, itatosha?”

Kisha akamgeukia mzee na kulirudia swali kwa Kibemba. Mzee alinyamaza kidogo, akachukua chaki, akaandika maneno manne, moja chini ya jingine: ‘warmly’, ‘kindly’, ‘gladly’, ‘cheerfully’. Akatueleza kwamba Waingereza hulitia neno mkia wa ‘-ly’ wakitaka kusema tendo limefanyika kwa namna gani, pale ambapo sisi tungesema kwa ukarimu, kwa moyo mweupe, kwa bashasha.

Kijana mmoja akainua mkono kwa haraka. Basi ‘friendly’ nalo, si lina mkia? ‘They received us friendly’! Mzee akatikisa kichwa. Hilo, alisema, lina mkia lakini linaeleza mtu, halielezi tendo, na wenzake ni ‘lovely’ na ‘lively’. Ukiliongezea mkia wa pili utapata ‘friendlily’, ambalo kamusi inalo na midomo ya watu hailitaki. Mwingereza anayetaka kusema ulipokewa kirafiki huzunguka: ‘in a friendly way’, kwa njia ya kirafiki. Yule mama alifurahi sana kusikia hivyo. Lugha ya wenye ofisi nayo ilikuwa na mahali inapokwama, ikabidi ipite njia yetu.

Kazi yenyewe ilianza hapo, kwa sababu hakukubali kupewa neno lolote tu. ‘Happily’ alilikataa papo hapo. Nani angefurahi kutuona katika hali ile? Watu wametoka porini, nguo zimeraruka, miguu imevimba. ‘Politely’ aliliona baridi. Hiyo ni adabu ya mtu aliye nyuma ya meza. ‘Cheerfully’ alilitafakari kwa muda mrefu, akasema hapana, wale akina mama hawakucheka. Waliwatazama watoto wetu miguuni, wakanyamaza, ndipo wakapiga magoti kidogo, wakapiga makofi ya heshima, wakasema, “Mwaiseni mukwai,” karibuni. Lakini binti zao, alisema, ndio waliokuja mbio wakawashika watoto wetu mikono, wakacheza nao mpaka jioni. Hao waandikiwe ‘cheerfully’.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ‘cheer’ lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa uso. ‘Glad’ lilikuwa la kitu kinachong’aa. Na ule mkia wa ‘-ly’ umetokana na neno la kale la mwili au umbo. Nilipoyasoma hayo nilitamani kumkimbilia yule mama. Aliyapima maneno kwa nyuso na miili ya watu aliowaona, na hakuwa na kamusi yoyote.

‘Kindly’ lilitusumbua, maana tulikuwa tukiliona kwenye matangazo ya Kenani: tafadhali subiri hapa, tafadhali pangeni mstari, yote yakianza na ‘Kindly’. Ni lile lile? Mzee alisema ni lile lile, ila likitangulia amri linakuwa ombi la mwenye kituo, na likifuata tendo ni sifa ya aliyetenda. Akaongeza kwamba lina undugu na ‘kin’, yaani jamaa. Hapo darasa zima likaguna. Watu wa kabila la Wabwile wapo Pweto na wapo Chiengi. Mpaka uliwakuta pale walipo. Kuna mzee wetu aliyeoshwa miguu Chiengi na mwanamke asiyemjua, na usiku wakahesabiana ukoo wakajikuta ni jamaa. Mama akasema hilo la miguu liwe ‘kindly’, na hakuna aliyembishia.

‘Gladly’ alitaka lifafanuliwe zaidi. Mzee akasema ni kutoa bila kusukumwa. “Basi bukari,” mama akasema, yaani ugali. Walitoa unga wao wakati ghala zao zenyewe zilikuwa zimepungua, miezi kabla ya mavuno, na hakuna serikali iliyokuwa imewaagiza.

Mwanzoni mwa 2018 malori yalianza kuwahamishia watu Mantapala, makazi mapya katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, na darasa likatawanyika. Kabla ya kuondoka, mama aliitwa tena kuhojiwa. Alikwenda na daftari langu, ambamo tulikuwa tumeziandika sentensi zake. Aliporudi alisema mwandikaji alizisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia fomu haina sehemu ya mambo hayo. Fomu ilitaka tarehe, kijiji, na aliyetenda ubaya. Alinirudishia daftari akaniambia niliweke, kwa kuwa wa mwaka 2000 nao walipokewa na hakuna aliyeandika.

Nimeliweka. Naziandika sentensi zake hapa kwa mpangilio wake: Akina mama wa Chiengi walitukaribisha kwa heshima, wakiwa na huzuni. Walitupa bukari na sombe (kisamvu) kwa moyo mweupe. Walituosha miguu kama jamaa. Binti zao walicheza na watoto wetu kwa furaha mpaka giza likaingia, na kesho yake wakarudi.