Jack Hakufa Nyumbani Kwetu

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka naomba nikiri: mimi ni mgonjwa wa filamu. Kengele ya jioni ikilia, wenzangu wa kidato cha tatu hukimbilia uwanjani. Mimi hushika njia ya nyumbani, nikala kiporo cha mchana na kuketi mbele ya runinga. Mwalimu wa Fasihi akiuliza taharuki ni nini, mkono wangu ndio wa kwanza juu. Hesabu ni kisa kingine, tukiache.

Kwetu Likoni nina kazi ambayo sikuiomba. Bibi yangu ana mtoto wa jicho, haoni ila vivuli, na Kizungu kwake ni kelele tu. Basi mimi ndiye macho yake, na ndiye DJ Afro wake. Nani asiyemjua DJ Afro, yule anayesimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng mpaka jambazi wa Marekani akawa kama jirani yako? Kipaji chake sina, lakini nina msikilizaji asiyeondoka.

"Wewe mume wangu, wasinzia? Mbona kimya?"

"Wanabusiana, Bibi."

"Haya, ruka hapo."

Likizo ya Agosti binamu yangu alileta Titanic katika flashi. Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 1997, imenizidi umri, na nilikuwa sijaiona. Ni ya zaidi ya saa tatu, na stima yetu haiaminiki, kwa hivyo tulianza mapema. Bibi akaketi na ukili wake, akisuka. Jack aliposhinda tikiti kwa karata, alisema karata si nzuri lakini kijana ana adabu. Mamake Rose alimsema mpaka chai ikapoa.

Meli ilipogonga barafu, nilipandisha sauti. Maji yakipanda ngazi, mimi napanda nayo! Kumbe ukili umesimama mkononi mwa Bibi. Hapo nikakumbuka, nikahisi damu yanihama usoni.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwavusha watu kwenda kisiwani. Walikufa watu 272. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, ninayemjua kwa picha moja tu ukutani. Kwetu jambo hilo halitajwi. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, na nililisikia juujuu, watu wazima wakidhani nimelala.

Nikanyanyuka nizime.

"Usizime," akasema Bibi. "Kijana yuko wapi?"

Rose alikuwa juu ya ubao, Jack yumo majini, midomo imemgeuka rangi. Nikasema, "Amepanda, Bibi. Wamekaa wote wawili. Mashua inakuja."

Haki ya Mungu nilisema hivyo, na huku kwenye kioo Jack anazama. Bibi alinyamaza kitambo.

"Na wale wengine?"

Sikuwa na jibu. Meli yenyewe ilipozama mwaka wa 1912, walikufa watu zaidi ya 1,500. Uongo wangu ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

"Mume wangu," akasema, "maji mimi nayajua. Nambia kama yalivyo."

Nikarudisha nyuma. Nikasimulia upya, polepole, bila mbwembwe: ile baridi, ile filimbi, mikono inavyoachana. Bibi alifuta macho kwa upindo wa leso. Nilidhani nimemuua nyanya wa watu. Mara akacheka kidogo.

Ndipo aliponieleza kuwa mjomba naye alikuwa mgonjwa wa filamu. Akipata mshahara, huenda mjini kutazama sinema ya Kihindi, kisha usiku humsimulia mamake, na nyimbo akaimba, vibaya. "Na mwisho alikuwa akiniongopea, kama wewe. Ile Sholay alinambia Amitabh hakufa. Nikaja kujua kwa jirani, nikamnunia siku mbili."

Usiku huo alizungumza hadi mama akatoka chumbani, akaketi mlangoni kimya kusikiliza. Kumbe mjomba alipenda kaimati. Kumbe siku ile alitoka bila kunywa chai kwa kuwa alikuwa amechelewa.

Sasa Bibi anataka Sholay, ile ya 1975, Jumamosi hii, na mwisho niuache ulivyo. Flashi ninayo tayari. Kihindi sikijui hata neno moja. Nimemwambia hivyo, naye amejibu kuwa si kitu, nyimbo ataniachia mimi.