Rupia ya Bibi



Juma hili twapenda kuwashirikisha jambo lililotupata hapa Soni, ambalo kosa lake ni letu wenyewe.

Bibi mmoja wa kigango kimojawapo alitujia baada ya Misa ya Dominika, akafungua pindo la kanga yake na kutoa sarafu nyeusi. Iliachwa na babu wa marehemu mumewe, aliyekuwa kibarua katika shamba la kahawa la Wajerumani huku milimani. Aliuliza neno moja tu: “Baba Paroko, hii ni ya kweli?”

Nasi, kwa haraka ya kutaka kusoma mwaka, tukaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang’aa. Ikaonekana sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa chapeo yenye tai. Upande wa pili simba mbele ya mti, na mwaka 1892. Ilikuwa rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki.

Padre mwenzetu, mkusanyaji wa sarafu za kale, akaichunguza na kuipima. Uzito wake ulikaribia gramu 11.66 zilizowekwa kwa rupia. Akasema ni ya kweli. Kisha akauliza: “Nani ameisugua?” Tukanyamaza.

Ndipo alipotufundisha jinsi kazi ya kupima sarafu ilivyokua. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 cha kueleza hali ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Mwaka 1972 chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani kilifungua ofisi ya kuthibitisha sarafu, maana bandia zilikuwa zikiwasumbua wanunuzi. Mwanzoni ofisi hiyo ilijibu swali moja tu: ni ya kweli au ni bandia? Ilianza kutoa madaraja mwaka 1979. Mwaka 1986 ikaja kampuni ya PCGS, na mwaka 1987 NGC. Huko wataalamu kadhaa huitazama sarafu ileile, kila mmoja kwa nafasi yake, kisha hufungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba ya daraja. Sarafu iliyosuguliwa vibaya huandikwa kuwa ni ya kweli, lakini hunyimwa namba, na bei yake hushuka. Waghushi nao hawakulala: baadaye walighushi hata makasha.

Jambo hili si la ng’ambo tu. Mwaka 1916, vita ikiwa imefunga njia za meli, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli kule Tabora. Zilikuwa kama 16,000 tu, na bandia zake zipo hata leo. Wapo pia matapeli wanaozunguka vijijini na habari za “rupia za Mjerumani”. Ndugu zetu, msiuze shamba kwa ajili ya sarafu ambayo hakuna mjuzi aliyeipima.

Tangu zamani Mababa wa Kanisa, kama Klementi wa Aleksandria, walimfananisha mwamini na mbadilisha fedha hodari, ajuaye kutenga ya kweli na ya bandia. Lakini sisi twayachanganya maswali mawili. Twamwona jirani amechakaa kwa ulevi au kwa umaskini, nasi twasema si Mkristo wa kweli. Kumbe uchakavu ni habari ya daraja. Ukweli ni habari ya chapa aliyopigwa siku ya Ubatizo, nayo haifutiki. Tena tukitaka kumng’arisha kwa nguvu ili tumsome upesi, twaweza kumkwaruza.

Tulimrudia Bibi, tukamweleza kwamba mikono yetu imeipunguzia rupia yake thamani, tukamwomba radhi. Yeye akasema: “Baba, wanangu walisema mzee yule alipunjwa ujira wake, akapewa bati. Kumbe alilipwa fedha.”

Akaifunga tena katika pindo la kanga, akaondoka.